Kiti cha Chef Kimeenda Mission

Alhamisi ile Numbi alifika kwenye biro ya serikali mapema, mfagiaji akiwa bado katikati ya korido na ndoo yake, akakaa kwenye benchi akaendelea kumenya karanga alizobeba ndani ya kikwembe, kitenge chake cha kujifunga. Maganda aliyatia kwenye mfuko, kwa sababu alilelewa na masista wa parokia, na masista hawakumfundisha kuchafua mahali pa watu wote. Kando yake alikaa Gracia, mke wa mwanajeshi wa kule base, kambi ya jeshi, mzaliwa wa mkoa wa Équateur. Gracia alikuwa na sauti ya kuuzia samaki sokoni, na sauti hiyo hakuwahi kujifunza kuipunguza, hata kanisani.

Walikuwa wamekuja kwa shida ileile ya wiki zote. Pont, daraja la kijito cha Kansenga, ilikuwa imechukuliwa na maji wakati wa mvua zilizopita, ikabaki nguzo tupu. Upande huu wa kijito kuna mji, soko, kanisa na maternité ya kujifungulia. Upande ule kuna mashamba ya mihogo, na kuna nyumba za watu, na katika nyumba moja anakaa Léa, binti wa Numbi, na mume wake.

Mvua zile zile zilizoiondoa pont ndizo zilizomkuta Léa na uchungu. Watu walisimama kwenye kingo mbili wakipeana mashauri kwa kupaza sauti, na maji yakapita katikati bila kumsikiliza yeyote. Mtoto alizaliwa matopeni, na hakulia. Numbi alikuwa upande huu wa mji, akaona yote, akarudi nyumbani na nguo za mtoto zikiwa bado zimekunjwa. Sasa Léa alikuwa na mimba tena, tumbo limeshashuka, na mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa maziwa. Numbi hakutaka kitu kingine duniani ila pont iwepo kabla mtoto hajaja.

Wazo la petition lilikuwa la Gracia. Alikuwa amesikia kwenye redio kwamba Katiba inampa kila raia haki ya kuipelekea serikali malalamiko yake, na serikali ina miezi mitatu ya kujibu, na hakuna anayeweza kufungwa kwa kosa la kuuliza. Jambo hilo lilimfurahisha mno, akalieleza soko zima. Katekista akaandika Kifaransa kizuri, watu wa kingo zote mbili wakatia sahihi, na waliokuwa hawajui kuandika wakatia dole gumba. Kilichobaki kilikuwa kupokelewa tu na Chef, mkuu wa biro.

Mlango wa biro ulifunguliwa na Ruffin, secrétaire, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe.

“Chef iko mu mission,” alisema.

“Mission ya wapi, Papa Secrétaire?” aliuliza Numbi.

“Mission tu, Mama. Minyi bananiambia mission, na minyi nasema mission.”

Mara ya kwanza Chef alikuwa mission, safari ya kikazi, Lubumbashi. Baadaye akawa mission Kinshasa, na sasa, kwa jinsi Ruffin alivyoelewa, alikuwa kwenye mission ya kurudi kutoka mission.

“Pokea basi weye,” alisema Gracia. “Serikali iko na miezi tatu ya kujibu. Hiyo miezi inaanza siku gani?”

“Siku tutapokea.”

“Na mutapokea lini?”

“Siku Chef atarudi,” alisema Ruffin, kwa huruma ya kweli. “Petition ya bantu wengi vile haipokelewi na mukono ya secrétaire. Inaomba Chef mwenyewe mu kiti yake.”

Numbi aliacha kumenya karanga. “Na kiti yake? Nayo iko mission?”

“Hapana, Mama. Kiti iko.”

“Basi tutasalimia kiti.”

Ruffin hakuona katika kanuni zake mahali palipokataza kusalimia kiti, akafungua mlango wa ndani.

Hapa lazima ijulikane kwamba Numbi alikuwa mtu wa Kinkondja, na babu yake alikuwa mtu wa baraza la chifu. Alipokuwa msichana aliona jinsi watu walivyofanya mulopwe, chifu mwenyewe, akiwa safarini. Hawakurudi nyumbani na shida zao. Walijipaka mpemba, ule udongo mweupe, mikononi na kifuani, wakapiga magoti mbele ya kiti chake, wakapiga makofi ya heshima, wakasema. Kiti kilisikia, na neno likafika. Numbi ni Mkatoliki wa kweli na hakuona ubaya wowote hapo. Kanisani watu hupiga goti mbele ya tabernakulo hata kama padri ameenda Likasi. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa kukidhania kiti cha biro kuwa kiti cha namna hiyo. Kiti cha biro hakikuwa na desturi. Kilikuwa kimezoea kukaliwa tu, na tangu kitoke dukani hakuna mtu aliyewahi kukisalimia.

Kilikuwa kiti cha kuzunguka, cheusi, cha ngozi ya kuiga, chenye magurudumu madogo na mgongo mrefu. Numbi alitoa mpemba kwenye fundo la kikwembe, akajipaka, akampaka na Gracia, wakapiga magoti juu ya sakafu.

“Eyo vidye,” alisema Numbi, kama anavyosalimiwa chifu, akipiga makofi ya polepole. “Minyi Numbi, mutoto ya Kalunga wa Kinkondja. Pont ya Kansenga ilienda na mayi. Mutoto yangu Léa alizala mu matope, na mutoto hakulia. Sasa iko na mimba tena. Tunaomba pont mbele ya mvua. Njo ile tu.”

Gracia hakuijua desturi hiyo, lakini hakupenda kubaki nyuma, akaongeza maneno yake kwa Kilingala, marefu kidogo. Ruffin alisimama mlangoni, kwa sababu mali ya serikali haiachwi peke yake na wageni.

Kiti kiligeuka polepole kutoka dirishani kikawaelekea. Kisha kikaanza kushuka. Chuma chake cha katikati kilitoa pumzi ndefu, ngozi ikakunjamana, na kiti kikaendelea kushuka mpaka kikalingana na wanawake waliopiga magoti, kikatulia hapo. Numbi alijua mtu anayesikiliza anavyokaa, basi akaeleza tena toka mwanzo, safari hii bila haraka, na alipofika kwenye zile nguo za mtoto akalia kidogo, akapangusa macho, akamaliza.

“Kama unaona tunadanganya,” alisema, “kuya uone weye mwenyewe.”

Kiti kikapanda kimo chake cha kawaida, kikaelekea mlangoni.

“Ngoya kwanza,” alisema Ruffin. “Kitu ya serikali haiwezi kutoka mu biro bila ordre de mission.”

“Andika basi, Papa,” alisema Numbi.

Ruffin akaketi kwenye mashine yake. Penye jina aliandika Kiti. Penye kazi ya safari aliandika kukagua pont. Penye cheo alisita, akakuna kidevu, mwishowe akaandika cheo cha Chef, kwa sababu katika biro ile hakuna aliyekuwa karibu na kazi ya Chef kuliko kiti hicho. Akapiga muhuri. Na kwa kuwa malalamiko yalikuwa yamesemwa mbele ya kiti, na kiti kimekubali kwenda, alipiga muhuri na kwenye petition pia, wa kupokelewa, na tarehe yake. Gracia aliutazama muhuri ule kwa furaha, akaupuliza wino ukauke.

Wakatoka. Barabara ya kwenda Kansenga ni ya mchanga mwekundu, na magurudumu yale yalitengenezwa kwa ajili ya sakafu, kwa hiyo kiti kilikwenda kwa taabu na heshima. Penye reli wanawake walikisaidia kuvuka. Baiskeli za makaa zilipisha. Polisi wa njia panda aliomba karatasi, akaisoma mpaka mwisho, akakunja, akapiga saluti. Wauza maandazi waliuliza tu kiti kinaenda wapi, na walipoambiwa kinaenda kuona pont, wakasema ilikuwa wakati.

Kilipofika kijitoni kilisimama ukingoni. Kilizitazama nguzo kwa muda mrefu, upande huu na upande ule, kama fundi aliyeitwa kwa bei ndogo. Kisha kikashuka majini. Maji yalifika kwenye mikono yake, na kiti kikavuka, kikapanda upande wa pili. Léa alikuwa ametoka shambani na jembe begani. Aliposikia ni kiti cha serikali alikipangusa kwa ncha ya kikwembe, akauliza kama anaweza kukaa kidogo, maana mgongo ulikuwa unamuuma. Akakaa. Kiti kikamvusha taratibu hadi kwa mama yake, na sketi yake haikulowa.

Kuanzia siku hiyo kiti hakikurudi mjini. Ordre de mission ilisema mpaka kazi iishe, na kazi ilikuwa haijaisha. Asubuhi kilivusha watu wa mashamba, na jioni kilivusha mihogo, mbuzi wachache, na siku moja bibi harusi na wasimamizi wake, mmoja mmoja. Katikati ya mchana, watu wakiwa wachache, kilikaa ukingoni kikasikiliza.

Maana habari ilikuwa imeenea. Watu walikuja kutoka base na kutoka vijiji vya mbali, wamejipaka mpemba, kila mtu na lake. Mwalimu alikuja kueleza habari ya darasa lisilo na paa. Mjane wa askari alitaka tu ajue mume wake amezikwa wapi. Mzee Nday aligombana na serikali kuhusu jina lake, ambalo liliandikwa vibaya kwenye kitambulisho na kumfanya kuwa mwanamke. Kiti kilimshukia kila mmoja. Hakikujibu neno, wala hakikutazama saa. Watu waliinuka pale wepesi, wakicheka na wasiojuana nao, wakakaa wale kitu. Kusikilizwa ni raha jamani, na wengi walikuwa hawajaionja. Gracia alihamishia samaki wake pale. Vijana wa kwaya wakaleta ngoma, na Jumapili baada ya misa ukingo wa Kansenga ukawa mahali pa kwenda, na nguo nzuri.

“Yaya Numbi,” Gracia alimwambia siku moja, akimwita dada mkubwa kama wafanyavyo kwao, mdomo umejaa, “ungesalimia hii kiti zamani.”

“Zamani sikukuwa najua kama haijasalimiwa,” alisema Numbi.

Mvua ya kweli ilikuja mchana wa Jumanne, na ikaja yote pamoja. Kansenga ilipanda mpaka ikafunika vichaka. Léa alishikwa na uchungu saa ileile, kana kwamba alikuwa ameitwa kwa jina. Mume wake alimleta ukingoni amemshika kiunoni, na Numbi, upande huu wa mji, alijikuta amesimama penye jiwe lilelile alilosimama mwaka uliopita. Hakuweza kuomba, hakuweza kupiga kelele, aliweza tu kushika mkono wa Gracia mpaka vidole vya Gracia vikafa ganzi.

Kiti kilimchukua Léa kikaingia. Maji yalifika kwenye mikono yake, kisha kwenye magoti ya Léa. Hapo kiti kikaanza kupanda. Chuma chake kilitoka, kikaendelea kutoka kupita urefu wowote unaouzwa dukani, kikampandisha Léa juu ya maji, juu ya nguzo za pont, mpaka watu wakamwona akiwa sawa na vilele vya miti, amejishikilia, kikwembe kikipepea, na chini yake kiti kikitembea juu ya mawe ya kijito hatua kwa hatua. Magogo yalipita yakikigonga. Mkunga wa maternité, aliyekuwa ameitwa, alisimama chini ya mwavuli na kumpigia kelele za kusukuma na kupumua.

Katikati ya kijito mtoto alilia. Sauti ilitoka juu, ikasikika kingo zote mbili, kali kabisa, ya mtu aliyekasirika. Gracia akapiga kigelegele, na wanawake wa upande ule wakamjibu, na wa upande huu wakawajibu wale, na Numbi akakaa chini kwenye matope na kikwembe chake cha Jumapili akacheka kwa sauti mpaka mkunga akamwomba anyamaze amsikie mgonjwa wake. Kiti kikafika, kikapumua, kikashuka. Alikuwa msichana. Walimwita Kabedi, jina la mama mkwe wa Léa, kwa sababu furaha haiondoi taratibu za ukoo.

Wiki iliyofuata Chef alirudi kutoka mission, akakuta kiti chake kimeenda mission. Aliisoma ile karatasi na muhuri wa biro yake mwenyewe, hakuona kasoro, akaagiza jeep. Alikuwa mtu mnene, mwenye viatu vizuri, na hakuwa mtu mbaya nyumbani kwake. Pale Kansenga watu walimpisha. Kiti kilimwelekea, kikashuka kidogo, na Chef akakaa kwa mazoea ya miaka, akasema sasa twende.

Kiti kikaenda. Kikaingia majini naye, na kilipofika katikati kikasimama. Watu wakajua kwamba ni zamu yao. Walijipanga kwenye kingo mbili, wakapiga magoti, wakapiga makofi, kisha wakasema mmoja baada ya mwingine, kwa adabu, kutoka kushoto na kutoka kulia, na Chef aligeuzwa kila upande uliokuwa unasema. Alisikiliza yote. Hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Numbi alisema mwisho, amembeba Kabedi.

“Chef, mutoto huyu alipita. Ule mwingine hakupita. Tunaomba pont.”

“Mama, nimesikia,” alisema Chef, na uso wake ulionyesha kwamba amesikia kweli.

Kiti kikamrudisha. Aliwapa watu mikono, hata mikono yenye mpemba, akala samaki wa Gracia, akaingia jeep na viatu vikilia maji. Kiti kilibaki ukingoni na hakuna aliyekisukuma. Siku ile watu wa Kansenga walicheza mpaka ngozi ya ngoma ikapasuka.

Jibu lilikuja ndani ya miezi mitatu, kama Katiba inavyotaka. Ruffin alilileta mwenyewe kwa baiskeli, akalisoma wima, akitafsiri kutoka Kifaransa. Serikali ilikuwa imepokea malalamiko ya raia, ikawashukuru kwa utulivu wao. Baada ya ukaguzi uliofanywa na Chef mwenyewe mahali penyewe, ilionekana kwamba watu wa Kansenga tayari wana chombo cha serikali cha kuvukia, kinachofanya kazi vizuri hata wakati wa mafuriko. Kwa hiyo ombi la pont halikuwa na maana tena. Dossier, yaani faili lao, imefungwa.

Watu waligeuka kutazama kijitoni. Kiti kilikuwa upande wa pili, kinapakia muhogo.

“Njo vile,” alisema Ruffin, akikunja karatasi. Alionekana amechoka. Siku hizi, alieleza, hana nafasi hata ya kwenda kula. Chef amenunua kiti kipya, na amri ni kwamba kisiachwe kitupu hata kidogo. Chef akienda mission, Ruffin anakaa juu yake mpaka arudi. Na mlangoni kuna mtu anayewapangusa wanawake mpemba mikononi.

“Na weye ukiwa umekaa pale,” aliuliza Numbi, “unasikia?”

“Minyi nakaa tu, Mama.”

Gracia ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kwa ile sauti yake ya sokoni, na watu wakamfuata, hata Ruffin, ambaye alishika baiskeli yake isianguke. Walipomaliza, katekista aliulizwa kama bado ana wino. Akasema anao. Ruffin akasema petition mpya akiletewa mkononi ataipokea yeye mwenyewe, amekaa hapohapo kitini, na kama Chef anataka kumfukuza basi atafute mwingine wa kukalia kiti.

Hiyo ya pili imepokelewa. Inangoja.

Mvua zimerudi sasa, na kiti bado kinavusha. Ngozi yake imepasuka mgongoni, na gurudumu moja lilibaki kwenye mawe, kwa hiyo kinakwenda kimeinama kidogo upande wa kushoto, na abiria wamejua kuegemea kulia. Juzi Numbi alikuwa kwenye foleni na Kabedi mgongoni, anakwenda kumwonyesha shamba. Zamu yake ilipofika kiti kilimshukia. Nyuma yake alisimama mwanamke kijana wa base, tumbo limeshashuka, anavuka kwenda upande ule kwa mama yake. Numbi alitazama maji, akatazama lile tumbo.

“Pita weye kwanza, mwanangu,” alisema. “Na usikawie kurudi.”